Jinsi ya kupima rekodi ya drafti ya mkurugenzi wa usakaji vipaji katika besiboli

Mkurugenzi wa usakaji vipaji wa klabu ya besiboli Marekani huhukumiwa kwa jina moja. Aliyemchukua Mike Trout, nyota mkubwa wa Los Angeles Angels, ni gwiji, aliyempita Mike Trout ni kipofu. Hukumu za namna hiyo huwaonea watu waliofanya kazi nzuri na huwapamba waliobahatika. Rekodi ya drafti inapimika kwa haki, lakini inahitaji jedwali, subira na nidhamu ya kuuliza swali moja kila mara: kwa zamu alizokuwa nazo na fedha alizopewa, mkurugenzi mwingine wa kawaida angepata nini?

Mfano mkuu hapa ni Eddie Bane, mkurugenzi aliyesimamia drafti saba za klabu hiyo ya Angels kuanzia 2004 hadi 2010. Rekodi yake inafaa kufundishia kwa sababu karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake.

Kwa asiyeifuatilia sana: drafti ya MLB, yaani Ligi Kuu ya besiboli Marekani, ilianza 1965. Klabu huchagua kwa zamu vijana waliomaliza sekondari au walio vyuoni Marekani, Canada na Puerto Rico. Kuanzia 2012 hadi 2019 zilikuwa raundi 40, mwaka 2020 zikawa 5 kwa sababu ya korona, na tangu 2021 ni raundi 20. Anayechaguliwa hapandi moja kwa moja Ligi Kuu. Hupitia ligi za chini kwa miaka kadhaa, na wengi huishia huko.

1. Hakikisha drafti ni zake kweli

Anza na tarehe. Wakurugenzi huajiriwa mara nyingi baada ya msimu kwisha, kwa hiyo aliyetangazwa mwishoni mwa 2003 huanza kuhesabiwa na drafti ya 2004. Anayefukuzwa Agosti bado ni mwenye drafti ya mwaka huo. Usiamini orodha za mtandaoni zinazompa mkurugenzi kila mchezaji aliyekuwa klabuni wakati wake.

Kisha uliza nani alikuwa na neno la mwisho. Houston Astros walipomchukua Carlos Correa zamu ya 1 mwaka 2012, mwenye cheo cha mkurugenzi alikuwa Bobby Heck, lakini meneja mkuu Jeff Luhnow alikuwa anafanya drafti yake ya kwanza klabuni hapo, na mpango wa fedha wa siku ile haukuwa wa ofisi ya usakaji peke yake. Zamu ya juu namna hiyo ni uamuzi wa wakubwa wote, wakati mwingine hata mmiliki. Raundi ya 3 kwenda chini ndiyo mahali mkurugenzi na maskauti wake wa maeneo huachiwa nafasi. Weka safu ya "mamlaka" kwenye jedwali, uandike juu, wastani au chini kwa kila zamu, na ukija kufanya jumla uitoe mara mbili: ya zamu zote, na ya zile zenye mamlaka ya juu tu. Jumla hizo mbili zikipishana sana, hiyo yenyewe ni habari.

Ondoa wachezaji wa kimataifa. Vijana wa Dominican Republic na Venezuela husajiliwa nje ya drafti, na ndivyo ilivyo pia kwa Waganda walioanza kusajiliwa na klabu za MLB miaka ya karibuni, kama David Matoma aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates. Kazi hiyo huwa na bajeti yake, na kwa kawaida mkuu wake ni mtu mwingine.

2. Tengeneza jedwali lenye safu za kutosha

Mstari mmoja kwa kila mchezaji, raundi zote, pamoja na walioshindwa kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu: huorodhesha waliofika Ligi Kuu, kisha hushangaa kuona kila mkurugenzi ni hodari. Safu za lazima ni mwaka, raundi, namba ya zamu kwa jumla, nafasi anayocheza, alikotoka (sekondari, chuo cha miaka miwili, chuo cha miaka minne), kama alisaini, bonasi aliyolipwa kwa kusaini, mwaka aliofika Ligi Kuu, WAR (kipimo cha thamani kinachoelezwa hatua ya 3) ya misimu sita ya kwanza, na jinsi alivyoondoka klabuni. Kurasa za drafti za Baseball-Reference zitakupa sehemu kubwa ya hayo.

Wasiosaini wanahitaji uangalifu. Angels walimchagua Buster Posey raundi ya 50 mwaka 2004, hakusaini, akaenda chuo, na San Francisco Giants wakampata zamu ya 5 mwaka 2008. Kumhesabia Bane ushindi wa Posey ni upuuzi. Yankees nao walimchagua Gerrit Cole zamu ya 28 mwaka 2008, akachagua chuo. Hapo hali ni tofauti, maana zamu ya raundi ya kwanza ilitumika. Andika sifuri kwa mchezaji, kisha ufuate fidia: klabu inayoshindwa kusaini mtu wa zamu za mwanzo hupewa zamu ya karibu na hiyo mwaka unaofuata.

Fidia inaweza kugeuza hesabu yote. Mwaka 2014 Astros walimchukua Brady Aiken zamu ya 1, wakazozana naye baada ya vipimo vya kiwiko, hakusaini. Kwa kukosa huko walipewa zamu ya 2 mwaka 2015, wakamchukua Alex Bregman. Ukiitazama drafti ya 2014 peke yake utaona janga. Unganisha mistari hiyo miwili kwa alama moja ili usiihukumu 2014 bila 2015, na wala usiipe 2015 zamu kana kwamba imeanguka kutoka mbinguni.

3. Chagua kipimo kimoja na ukishikilie

WAR hukadiria ushindi ambao mchezaji ameiongezea timu kuliko ambao ungeletwa na mchezaji wa akiba anayepatikana kwa bei ndogo wakati wowote. Kwa msimu mzima, 2 ni mchezaji wa kikosi cha kwanza, 5 ni nyota, 8 ni mgombea wa tuzo ya mchezaji bora. Baseball-Reference na FanGraphs hutofautiana hasa kwa warushaji: ya kwanza huanzia mikimbio aliyoruhusu, ya pili huangalia wapigaji aliowatoa kwa kukosa mpira mara tatu, waliopewa besi bure na mipira iliyopigwa nje ya uwanja. Yoyote inafaa. Usichanganye tu, ukichukua ile inayompendeza mtu wako.

Kwa nini misimu sita? Kwa sababu klabu humiliki mchezaji kwa takriban muda huo kabla hajawa huru. Siku 172 kwenye kikosi cha Ligi Kuu huhesabiwa mwaka mmoja wa utumishi, na miaka sita ikitimia anaweza kuondoka. Thamani ya baada ya hapo hununuliwa kwa mkataba mpya, nayo ni kazi ya meneja mkuu.

Mchezaji mwenye WAR hasi mwekee sifuri. Aliyefika Ligi Kuu akapata -1.5 si chaguo baya kuliko yule aliyeachwa akiwa bado ligi za chini. Alichezeshwa kwa sababu timu haikuwa na mwingine, na mkurugenzi hakupanga kikosi.

4. Tafuta kiwango cha kila zamu

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi. Thamani hushuka kwa kasi kutoka zamu ya 1 hadi kama ya 40, kisha mteremko unalala. Kulinganisha mkurugenzi aliyepata zamu za 1 hadi 5 kwa miaka mitatu na yule aliyekuwa akianza zamu ya 58 ni kulinganisha tembo na sungura.

Chukua drafti 15 ambazo wachezaji wake wamekwisha kumaliza misimu yao sita, kwa mfano 1996 hadi 2010. Kwa kila zamu unayoipima, kusanya zamu za jirani: kwa kumi za kwanza chukua moja juu na moja chini, kwa 11 hadi 60 chukua tano kila upande, baada ya hapo pima kwa raundi nzima. Zamu ya 25 itakupa wachezaji 165 wa kulinganisha. Tafuta wastani wao, kisha tafuta pia namba ya kati, yaani ya yule anayesimama katikati ukiwapanga kwa mstari.

Utaona kwamba namba ya kati iko chini kabisa ya wastani, na kwa zamu nyingi ni sifuri au karibu nayo. Hii ni kwa sababu wachache hubeba kundi zima. Ndiyo maana mchezaji asiye na WAR yoyote kutoka raundi ya pili si kosa. Ni matokeo ya kawaida.

Kuna mtego mdogo hapa unaoharibu hesabu bila kelele: mtoe mchezaji unayempima kwenye kundi lake la kulinganishia. Trout alichaguliwa zamu ya 25. Ukimwacha ndani, anaupandisha wastani wa zamu zote jirani, na Bane anashindanishwa na kazi yake mwenyewe.

Sasa tazama Bane alikuwa na zamu gani. Mwaka 2005, 2007 na 2008 hakuwa na zamu ya kawaida ya raundi ya kwanza, kwa kuwa klabu ilizipoteza kwa kusajili wachezaji huru Orlando Cabrera, Gary Matthews Jr. na Torii Hunter. Mwaka 2009 alikuwa na zamu tano ndani ya 48 za kwanza: 24, 25, 40, 42 na 48. Zilitokana na fidia za kuondoka kwa wachezaji huru Francisco Rodríguez, Mark Teixeira na Jon Garland. Umaskini ule hakuutaka yeye, na utajiri huu hakuutafuta yeye. Jumla ghafi ya WAR ya miaka saba haiwezi kuyaona hayo. Tofauti kati ya WAR na kiwango cha kila zamu inayaona.

5. Fuata fedha, namba ya raundi hudanganya

Kabla ya 2012 ofisi ya kamishna ilitoa bei elekezi tu, na klabu yenye ubavu ilizipuuza. Jered Weaver aliteremka hadi zamu ya 12 mwaka 2004 kwa sababu ya bei aliyotaka. Angels walimngoja karibu mwaka mzima, akasaini kwa dola milioni 4. Mwaka huohuo Mark Trumbo alichukuliwa raundi ya 18. Anayesoma raundi tu atashangilia dhahabu iliyookotwa jalalani. Lakini Trumbo alilipwa zaidi ya dola milioni 1.4, bonasi ya raundi ya kwanza kwa nyakati zile. Sifa ya kumtambua ibaki, sifa ya kumpata kwa bei ya bure ifutwe. Mookie Betts naye, zamu ya 172 ya Boston mwaka 2011, alilipwa dola 750,000, mbali kabisa na malipo ya kawaida ya raundi ya tano.

Kwa drafti za kabla ya 2012, basi, pima kila mchezaji mara ya pili kwa ngazi ya bonasi badala ya ngazi ya zamu: panga bonasi zote za mwaka huo kutoka kubwa hadi ndogo, umpe kila mmoja namba yake mpya, urudie hatua ya 4.

Tangu 2012 kuna kapu la bonasi. Kila zamu ya raundi kumi za kwanza ina bei yake, jumla yake ndiyo kapu la klabu, na ukimkosa mchezaji, bei ya zamu yake hutoka kapuni. Anayevuka kapu hulipa kodi ya asilimia 75 ya ziada, na akipita asilimia 5 hupoteza zamu ya raundi ya kwanza ijayo. Kwa mpangilio huu chaguo moja haliwezi kuhukumiwa peke yake. Correa alisaini kwa dola milioni 4.8 wakati bei ya zamu yake ilikuwa milioni 7.2. Milioni 2.4 zilizobaki ndizo zilizowezesha Lance McCullers Jr., zamu ya 41, kulipwa milioni 2.5, na Rio Ruiz wa raundi ya nne milioni 1.85. Hao watatu ni uamuzi mmoja. Wajumlishe WAR zao, ujumlishe viwango vya zamu zao tatu, kisha linganisha.

Kagua pia raundi ya 6 hadi 10. Ukiona wanafunzi wa mwaka wa nne waliolipwa bonasi ndogo mno, usiwahesabu kama makosa. Walichukuliwa ili kuokoa fedha za mtu mwingine juu.

6. Toa hesabu mbili: pamoja na nyota, bila nyota

Trout ana zaidi ya WAR 80 katika maisha yake ya mchezo. Hata kwa misimu sita tu, anaimeza rekodi nzima ya Bane. Albert Pujols, zamu ya 402 mwaka 1999, ni vivyo hivyo kwa St. Louis. Wapo wanaosema mtoe nyota kwa kuwa ni bahati, na wapo wanaosema yeye ndiye kazi yenyewe. Kumtoa kabisa ni kosa, kwa sababu kupata nyota ndilo lengo la drafti. Kutoa hesabu yenye nyota tu ni kosa pia, kwa sababu haikuambii kama ofisi iliona vizuri au iliona mara moja.

Andika zote mbili, kisha ongeza ya tatu: asilimia ya zamu zilizovuka namba ya kati ya kundi lake. Kwa Bane, bila Trout, drafti ya 2009 bado ina Randal Grichuk (24), Tyler Skaggs (40), Garrett Richards (42) na Patrick Corbin (80), wote wakafika Ligi Kuu. Hiyo ni drafti nzito hata bila jina kubwa. Mwaka uliofuata, mkurugenzi yuleyule alikuwa na zamu tano ndani ya 40 za kwanza: 18, 29, 30, 37 na 40. Cam Bedrosian akawa mrushaji wa akiba mwenye manufaa, Kaleb Cowart hakupata namba ya kudumu, na aliyefaa kuliko wote alikuwa Kole Calhoun wa raundi ya 8. Kati ya drafti hizo mbili ulipita mwaka mmoja tu. Anayekwambia drafti moja inatosha kumjua mkurugenzi, mwonyeshe miaka hiyo miwili.

Angalia pia mpangilio wa machaguo ya klabu yenyewe. Mwaka 2013 Yankees walikuwa na zamu za 26, 32 na 33. Aaron Judge alichukuliwa ya 32, baada ya Eric Jagielo. Klabu iliyompata Judge nayo ilimpita mara moja. Hilo halifuti sifa ya kumchukua, ila linaonyesha ukubwa wa imani yao siku ile, na imani ndiyo unayojaribu kuipima.

7. Tenga macho ya mkurugenzi na mikono ya walimu

Mchezaji hupita kwa makocha wengi baada ya kusaini. Jacob deGrom alicheza sana shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) chuoni kabla ya kuwa mrushaji, New York Mets wakamchukua raundi ya 9 mwaka 2010. Sehemu ya alichokuwa ni ya aliyeuona mkono wake, sehemu ni ya waliomfundisha. J.D. Martinez, raundi ya 20 ya Houston mwaka 2009, aliachwa na klabu Machi 2014 baada ya kubadilisha mpigo wake, akawa nyota Detroit. Usakaji ulimwona. Klabu haikungoja.

Kwa hiyo hesabu WAR ya misimu sita hata kama ilipatikana klabu nyingine. Mchezaji aliyeuzwa ana thamani siku ya kuuzwa, na thamani hiyo ilitengenezwa na drafti. Corbin na Skaggs walipelekwa Arizona mwaka 2010 kumleta Dan Haren. Safu ya "jinsi alivyoondoka" iseme hivyo, isiseme "hakuichezea Angels".

Majeraha na misiba yanahitaji utu. Nick Adenhart, aliyechukuliwa na Bane raundi ya 14 mwaka 2004, alifariki katika ajali ya gari Aprili 2009 akiwa ameanza kung'aa. Mstari wake usiingie kwenye lawama wala kwenye wastani wa kushindwa. Majeraha ya kiwiko na bega ni jambo jingine: mkurugenzi anayependa kuchukua warushaji wa sekondari anajua hatari yake, kwa hiyo hayo yabaki ndani.

8. Pima bahati

Ukishapata tofauti ya jumla, uliza kama ingeweza kutokea kwa kubahatisha. Kwenye Excel, kwa kila zamu ya mkurugenzi, chomoa mchezaji mmoja bila kuchagua kutoka kundi lake la kulinganishia, kwa RANDBETWEEN na INDEX. Jumlisha, rudia mara 1,000. Ukikuta "wakurugenzi" wa kubahatisha 300 kati ya 1,000 wamemzidi mtu wako, huna ushahidi kwamba ana jicho la pekee. Wakiwa 20 tu, una jambo la kusema.

Tarajia kuvunjika moyo kidogo. Miaka mitano hadi saba ya drafti haiwezi kutenganisha mkurugenzi mzuri na wa wastani kwa uhakika mkubwa. Tampa Bay Rays mwaka 2011 walikuwa na zamu 10 kati ya 60 za kwanza, wingi usio wa kawaida kabisa, na nyota aliyetoka humo ni mmoja, Blake Snell wa zamu ya 52.

9. Ukilazimika kuhukumu mapema

Kijana wa sekondari mpe miaka sita tangu drafti kabla ya kuandika namba yoyote ya WAR, wa chuo mpe minne hadi mitano. Bane aliondolewa baada ya msimu wa 2010, wakati Trout alikuwa bado hajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Alipanda Julai 2011. Lakini hata siku ile dalili zilikuwepo, kwa sababu Trout alikwisha kutajwa miongoni mwa vipaji bora kabisa wa ligi za chini.

Kwa drafti changa tumia vituo vitatu. Mwaka wa pili: wangapi kati ya kumi wa kwanza wanacheza ngazi inayolingana na umri wao. Mwaka wa tatu: wangapi wameingia orodha za vipaji 100 bora, na wangapi klabu nyingine zimewaomba kwenye biashara. Mwaka wa nne au wa tano: nani ameongezwa kwenye kikosi cha watu 40 ili asichukuliwe na klabu nyingine kwenye drafti ya Desemba, ambayo humfungulia mlango aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini baada ya misimu mitano, na aliyesaini na 19 au zaidi baada ya minne. Klabu inapompa mchezaji nafasi hiyo, inataja thamani yake kwa vitendo. Linganisha majibu hayo na ya klabu nyingine 29 za mwaka uleule, na safu ya WAR iache wazi hadi wakati wake ufike.